Besi ya mkangazi, rangi ya gari: jinsi ya kupata Candy Apple Red kwenye mbao

Swali: Nina bodi ya besi ya nyuzi nne, umbo la Jazz Bass, ambayo seremala amenichongea kwa mkangazi. Naishi Mombasa. Nataka ile nyekundu inayong'aa kutoka ndani, Candy Apple Red, kama za miaka ya 60. Fundi wa rangi za magari hapa mtaani anasema ataipiga kama anavyopiga boneti, kisha aichome kwenye oveni ya rangi. Je, rangi ya gari haitaua sauti? Ninunue nini, kiasi gani, na nimwambie nini huyu fundi?

Jibu: Fundi wako anaiweza kazi hii, na rangi aliyo nayo gereji ndiyo hasa inayotakiwa. Kosa lake ni oveni, na kama ni fundi wa kawaida, kosa la pili litakuwa puti, yaani ule uji wa kujazia mabonde ya bati. Boneti ni bati: halinywi rangi, halina vinyweleo, halivimbi masika yakiingia. Mkangazi hufanya yote matatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya kabla ya wekundu, yaani kuituliza mbao mpaka ifanane na bati. Baada ya hapo mwachie fundi, yuko kwenye shamba lake.

Kwanza ondoa wasiwasi wa kuchanganya gari na gitaa. Rangi maalumu za Fender, kampuni iliyoleta Jazz Bass, za miaka ya 50 na 60 zilikuwa rangi za magari, zilizotoka kwenye makopo ya kampuni ya DuPont ya aina mbili: Duco, iliyokuwa ya nitroselulosi, na Lucite, iliyokuwa ya akriliki. Lake Placid Blue ilikuwa ya Cadillac, Fiesta Red ilikuwa ya Ford Thunderbird. Mteja aliyetaka rangi hizo badala ya ile ya kawaida aliongeza asilimia 5 ya bei. Candy Apple Red, iliyoingia kwenye orodha mwaka 1963, ni tofauti kidogo, kwa sababu haikuwa rangi ya kopo moja. Ilitokana na mbinu ya wapambaji wa magari wa California, hasa Joe Bailon: rangi ya fedha au dhahabu chini, nyekundu inayopitisha mwanga juu yake (hiyo ndiyo kendi), kisha klia, yaani vanishi angavu isiyo na rangi. Mwanga hupita kwenye wekundu, hugonga fedha, hurudi ukipita kwenye wekundu mara ya pili. Ndiyo maana huonekana kuwaka kutoka ndani, na ndiyo maana nyekundu ya kawaida ya metaliki, ile yenye chembe za kung'aa, hata iwe nzuri vipi, haitakupa kitu hicho.

Kuhusu sauti: besi ya bodi isiyo na uwazi ndani, yenye pikapu za sumaku (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), husikiliza nyuzi. Eneo lote la bodi yako, mbele, nyuma na ubavuni, ni kama mita ya mraba 0.32. Rangi yenye unene wa milimita 0.3 juu ya eneo hilo ina uzito wa gramu 110 hivi, kwenye bodi ya kilo 2 au zaidi. Seti ya nyuzi zilizochakaa itabadilisha sauti yako kuliko hilo. Kinachostahili hofu ni unene uliopita kiasi, yaani milimita 1 na zaidi, na hofu yenyewe ni ya nyufa na shingo isiyoingia mahali pake.

Lengo la unene ni hili, baada ya kupiga msasa: praima, yaani rangi ya msingi, maikroni 60 hadi 80 (maikroni 1000 ni milimita moja), fedha 15 hadi 20, kendi 50 hadi 60, klia 100 hadi 120. Jumla robo milimita hivi.

Tumia mfumo wa akriliki wa sehemu mbili, ule wa rangi na hadina (dawa ya kuigandisha), ambao fundi huuita 2K. Wapo watakaokwambia bila nitroselulosi si Fender ya kweli. Hiyo ni sawa kwa mtu anayerekebisha gitaa la mwaka 1964. Kwa bodi mpya Mombasa, rangi ya nitro hukupa ukungu mweupe kila unyevu ukipanda, kwa sababu thina inapokimbia hupoza uso na mvuke wa hewa huganda humo. Kisha husubiri wiki nne au zaidi kabla ya kung'arishwa, na mpira wa stendi ya gitaa huiyeyusha. 2K haina usumbufu huo, ingawa ina sumu yake, nitaifikia.

Sasa mbao. Usianze kabla haijakauka. Huhitaji kipimo cha unyevu: iweke bodi ndani ya nyumba, ipime kwenye mizani ya jikoni kila siku mbili. Uzito ukibaki uleule kwa wiki mbili, imetulia na hewa ya mahali inapoishi. Ikiendelea kupungua hata gramu chache, ngoja. Mbao ikikauka chini ya rangi, mistari ya nyuzinyuzi zake hujitokeza kwenye klia, na kwenye rangi inayong'aa hivi kila kitu huonekana.

Piga msasa namba 120, 180, kisha 220, kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao. Futa kwa kitambaa chenye unyevu ili nyuzi zilizolala zisimame, acha ikauke, rudia 220. Sehemu ambazo mbao imekatwa kwa upande wa kichwa, yaani juu kwenye pembe na chini karibu na daraja (chuma cha kushikia nyuzi), zipeleke hadi 320 kwa sababu hunywa mara mbili ya kwingine. Kingo zote ziwe na mviringo usiopungua milimita 3. Rangi mbichi hukimbia kona kali, halafu msasa wa klia utaitoboa palepale.

Mkangazi una vinyweleo vilivyo wazi, na hapa ndipo gereji nyingi huharibu. Fundi ataona mashimo madogo na kufikiria puti ya mabati, au praima nene ya kujazia. Usikubali. Puti ya poliesta iliyotandazwa juu ya mbao nzima ni safu nene isiyofuata mbao inapovimba na kusinyaa, na hupasuka. Praima nayo hujaza vinyweleo vizuri siku ya kwanza, lakini huendelea kusinyaa ndani ya vishimo kwa wiki kadhaa. Besi hutoka gereji ikiwa kioo, na baada ya miezi miwili mistari ya mbao imerudi yote.

Jaza kwa epoksi nyepesi, ile ya maji maji, si ile inayoganda kwa dakika tano. Gramu 50 zilizochanganywa zinatosha mkono mmoja, yaani mpako mmoja. Mwaga kidogo kidogo, isukume kwa kadi ya plastiki ukikata nyuzinyuzi za mbao kwa mshazari, kisha kwangua yote iliyobaki juu. Unataka epoksi iwe ndani ya vinyweleo tu. Ipake alasiri joto linapoanza kushuka. Ukiipaka asubuhi, mbao ikipata joto hewa iliyo ndani hutanuka na kutoa viputo kupitia epoksi mbichi. Acha saa 24. Kwenye unyevu wa pwani epoksi nyingi huacha utando wa mafuta juu, nao huzuia rangi kushika, kwa hivyo osha kwa sifongo na maji yenye sabuni kidogo, kausha, ndipo upige msasa 220 kwenye kibao. Rudia mkono wa pili. Ukiitazama bodi kwa mshazari dhidi ya dirisha na huoni vishimo, umemaliza.

(Aliye na besi ya kiwandani yenye rangi tayari, aruke yote haya. Ile poliesta ngumu ya kiwandani ni msingi bora kuliko wowote utakaoutengeneza. Jaza mabonde, piga 320 mpaka mng'ao wote ufe, endelea na praima. Kuibabua kwa moto ni kujitafutia mbao iliyoungua.)

Kabla ya bunduki ya rangi kuwashwa, kata mti wa upana wa milimita 50 na urefu wa nusu mita, ufunge kwa skrubu kwenye mfuko wa shingo, yaani shimo inamokaa shingo, kupitia matundu manne yaliyopo. Huo ndio mkono wa kushikia na wa kuning'inizia, na hapo hapo unakinga sakafu ya mfuko. Kuta za mfuko zikinge kwa tepu ya karatasi. Safu ya robo milimita kila upande ni nusu milimita ya upana iliyopotea, na shingo ikilazimishwa kuingia, klia hupasuka kwenye kona za mfuko. Ni ufa wa kawaida kabisa kwenye magitaa yaliyopakwa upya. Mashimo ya pikapu na ya vidhibiti yajaze karatasi au sponji, hewa ya bunduki isirudishe vumbi lililojificha humo.

Praima iwe ya 2K, kijivu hafifu. Uwiano wa kawaida ni 4 za praima, 1 ya hadina, 1 ya thina, lakini fuata kopo lako. Mikono mitatu kwa bunduki yenye tundu la milimita 1.6 hadi 1.8, jumla mililita 200 hadi 250 zilizochanganywa. Iache wiki nzima, hata fundi akicheka. Kisha pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi ya kopo juu ya praima yote, piga msasa 400 kwenye kibao mpaka weusi wote uishe. Weusi unaobaki ni bonde. Malizia na 600. Kasoro yoyote utakayoiacha hapa, fedha itaitangaza.

Fedha. Chagua metaliki yenye chembe ndogo. Chembe kubwa zinapendeza kwenye mlango wa gari unaotazamwa kutoka mita tatu. Kwenye bodi ya sentimita 50 huonekana kama mchanga. Fedha chini hutoa nyekundu baridi, dhahabu chini hutoa nyekundu ya moto. Fender walitumia zote kwa nyakati tofauti, kwa hiyo hakuna atakayekushika kwa kosa. Kwa maoni yangu dhahabu huchanganyika vizuri zaidi na kinga ya rangi ya kobe, ile sahani ya plastiki inayolinda mbele ya bodi. Mikono miwili ya kufunika, kisha mmoja wa mwisho mkavu zaidi: fundi aongeze umbali kutoka sentimita 15 hadi 25 na ukungu uanguke wenyewe. Mkono huo ndio unaolaza chembe sawasawa. Fedha ikipigwa ikiwa imelowa sana, chembe huogelea na kukusanyika, na unapata mawingu. Usiiguse fedha kwa msasa wala kwa kitambaa kikavu. Chembe iliyokatwa hubadilika rangi, na kendi haifichi kitu.

Kendi sasa. Hapa ndipo fundi mzuri wa magari anaweza kuharibu, kwa kuwa kwenye rangi ya kawaida mkono ukifunika umefunika, ukizidisha hakuna anayejua. Kendi haifuniki. Kila mkono hufanya rangi iwe nzito zaidi, na penye mikono sita patakuwa na rangi tofauti na penye mikono saba. Mambo matatu hufuata kutoka hapo.

La kwanza: changanya kendi yote kwa mara moja, nusu lita iliyo tayari kupuliziwa, hata kama bodi itatumia mililita 350. Mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza.

La pili: jaribu kwenye kibao kilichopigwa praima na fedha ileile. Kiwe na urefu wa sentimita 40, kikiwa kimegawanywa kwa tepu vipande vinane. Piga mkono mmoja kote, funika kipande cha kwanza, piga wa pili, funika cha pili, na kuendelea. Kikikauka, kipulizie klia nusu, maana klia huongeza kina, kisha kipeleke juani. Chagua kipande, hesabu mikono yake, na hiyo ndiyo namba ya bodi. Mara nyingi huangukia kati ya mitano na saba. Aliyefanya kibao awe ndiye atakayepiga bodi, kwa bunduki ileile na shinikizo lilelile; tundu milimita 1.3, bar 2 hivi kwenye mlango wa bunduki.

La tatu: kingo. Ubavu wa bodi hupata rangi yake na mabaki ya rangi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo mzunguko mzima hutoka mweusi-mweusi kama mtu aliyepaka wanja. Dawa ni kupiga ubavu kwanza kwenye kila mkono, lakini kwa wepesi, kisha nyuma, kisha mbele, na kuacha mikono miwili ya mwisho ya mbele na nyuma ifike ukingoni bila kurudi ubavuni kwa makusudi. Kila mpito wa bunduki ulale juu ya uliotangulia kwa asilimia 75, si 50 kama wa klia. Anzisha hewa nje ya bodi na uifunge nje ya bodi. Mkono wa pili uende kwa mshazari wa wa kwanza. Ukiona mistari ya pundamilia inaanza, usijaribu kujazia palipofifia. Endelea na mikono myepesi ya mwelekeo tofauti, au simama, kwa sababu kiraka kimoja kitakulazimu kurudi kwenye praima.

Kendi ya kutumia iwe ya pigmenti kama unaipata. Ile ya dai, yaani rangi inayoyeyuka kama ile ya kutia nguo, ina kina zaidi lakini hufifia juani na inaweza kupanda ndani ya klia. Besi inayopigwa kwenye bustani za hoteli mchana kutwa itafifia mbele na kubaki nyekundu chini ya kinga.

Klia ipigwe ndani ya muda uliotajwa kwenye kopo, kwa kawaida siku hiyohiyo. Kendi ikikaa mpaka ikakauka kabisa, klia haishiki na siku moja itabanduka kwa vipande. Uwiano mwingi ni 2 kwa 1 na thina kidogo. Mikono miwili, lala, saa 24 baadaye piga 600 kwa wepesi bila kugusa kingo, kisha mikono miwili mingine. Nusu lita iliyochanganywa inatosha. Hewa iwe na unyevu chini ya asilimia 70. Pwani hiyo huwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku nzuri, na kompresa iwe na chujio la maji lililomwagwa asubuhi hiyo. Hadina hukutana na maji kabla ya kukutana na klia, na matokeo yake ni viputo vidogo kama vumbi na mng'ao uliokufa.

Hiyo hadina ina isosianeti. Haina harufu ya kukuonya, barakoa ya karatasi haiizuii hata kidogo, na ikishakusababishia pumu, kiasi kidogo sana baadaye hukurudisha hospitali. Mpigaji avae barakoa yenye hewa ya bomba, pamoja na miwani na glavu. Wewe mteja kaa nje. Usifanye kazi hii kwenye chumba cha nyumba.

Oveni: hapana. Joto la nyuzi 60 linalotumika kwa gari hulegeza gundi ya mbao kwenye viungo na kusukuma hewa kutoka ndani ya mkangazi. Kivuli na siku saba vinatosha. Vilevile usiianike juani. Bodi nyekundu iliyokolea hupata joto kama la oveni bila mtu kuikusudia.

Jambo moja la gereji ambalo halina uhusiano na mbao: silikoni. Polishi ya tairi na ya dashibodi ikipuliziwa jirani, hutua kwenye bodi na rangi hukimbia kwa vishimo vya mviringo vyenye ukingo. Futa bodi kwa dawa ya kutoa mafuta kabla ya kila hatua, kitambaa kimoja cha kulowesha na kingine cha kukausha, na muombe fundi apange kazi yako siku ambayo hakuna gari linalong'arishwa.

Baada ya wiki, msasa wa maji: 1000, 1500, 2000, kwenye kibao kilichonyooka, maji yenye tone la sabuni. Ziba matundu yote ya skrubu kwa nta kwanza. Maji yakiingia humo mbao huvimba na klia hupasuka kwa duara kuzunguka tundu. Kingo zipitie kwa mkono na 2000 tu. Kisha kompaundi ya kung'arishia kwa sponji, mashine ikienda polepole. Ukisimama sehemu moja utachoma klia.

Kufunga vyuma ni haraka ukikumbuka mambo mawili. Kila tundu la skrubu lipanulie mdomo kwa ncha ya kutanulia, ukizungusha kwa vidole, ili meno ya skrubu yasiinue klia. Pake skrubu sabuni ya mche au nta. Halafu ule waya mdogo unaotoka shimo la vidhibiti na kuishia chini ya daraja: kama ulipigwa rangi, kwangua mpaka shaba ionekane. Besi nyingi zinazovuma baada ya kupakwa rangi tatizo lao ni hilo tu. Pima kwa mita ya umeme kati ya daraja na ganda la tundu la jeki kabla ya kuweka nyuzi.

Ikija kuchubuka, kiraka cha kendi hakijifichi hata kwa fundi bingwa. Omba mililita 20 za kendi na kidogo cha fedha, viweke kwenye chupa ndogo za kioo zenye vifuniko vya kubana. Pengo dogo dondoshea fedha kwa kijiti cha meno, kendi tone juu ya tone ukilinganisha, kisha jaza kwa klia mpaka ipande kidogo juu ya uso, na baada ya siku mbili ishushe kwa 2000.